Kutoka Gendia hadi Takawiri: Njia ya Injili na Kuta Zake

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kilicho kati ya Rusinga na Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay. Boti za abiria hutoka Mbita zikiwa zimesheheni mikate, kreti za soda, magunia ya unga na watu waliobanana ubavu kwa ubavu. Wakazi wa visiwa hivi wengi ni wavuvi na wachuuzi wa samaki, na wengi wao ni wa asili ya Abasuba ambao siku hizi huzungumza Kidholuo. Ijumaa jua linapozama, baadhi ya watu wa ziwani huweka kazi chini na kuingia Sabato. Wengine husubiri Jumapili. Wapo wenye rozari shingoni, na wapo wenye kanzu nyeupe zilizoshonewa msalaba mwekundu. Wote humwita Mungu Nyasaye, na mara nyingi utakuta ni watu wa ukoo mmoja.

Waligawanyikaje? Na je, katika historia yao kuna mahali tunapoweza kujifunza namna ya kukua pamoja katika imani? Anayeuliza hivyo hawezi kukaa Takawiri akapata jibu lote. Itambidi arudi nyuma kwenye njia iliyoleta Injili: Kisumu, Maseno, Gendia, Karungu, Got Kwer, hata kijiji kimoja ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Nimeifuata njia hiyo, na nimeridhika kwamba historia yake inasema jambo moja. Kanisa la kusini mwa ziwa lilivunjika kila lilipoacha kuwasikiliza watu wake, na lilikua kila lilipowasikiliza.

Reli, meli na mipaka

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo ziwa likawa barabara. Meli za mvuke zilianza kuzunguka kutoka bandari hadi bandari, na wamisionari wakazifuata. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill waliingia Kisumu. Marafiki, yaani Quaker, walikuwa wamekwisha kufika Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1906 Mwanglikana J. J. Willis alianzisha kituo cha Maseno, upande wa kaskazini wa ghuba ya Winam.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, boti ilivuka ghuba kutoka Kisumu hadi Kendu Bay. Ndani yake alikuwamo Arthur Carscallen, kijana wa Kanada aliyesomea kazi ya uinjilisti London. Alikuwamo pia Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, aliyesoma naye chuo kimoja. Walipanda kilima cha Gendia, wakapiga hema, na Kanisa la Waadventista Wasabato likaanza kazi Kenya. Simulizi nyingi humtaja Carscallen na kumpita Nyambo. Haifai. Injili ilipofika Gendia ililetwa na Mzungu na Mwafrika waliokuwa wameketi darasa moja. Huo ulikuwa umoja wa aina yake, tena kabla hata ya mtu wa kwanza kubatizwa.

Kutoka Gendia unaiona ghuba mbele yako, na unaelewa mara moja kwa nini walichagua hapo. Carscallen alijifunza Kidholuo, akaandika sarufi yake, na kufikia 1913 kituo kilikuwa na mtambo wa kuchapa. Watu wa kwanza walibatizwa Mei 1911. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waadventista walikuwa na vituo Wire Hill, Rusinga, Kanyadoto, Nyanchwa huko Kisii, na pia Karungu na Kamagambo, ambavyo leo viko kaunti ya Migori. Wakatoliki nao walishuka kusini na kujenga Asumbi. Haya yote yalikuja wakati ugonjwa wa malale ulikuwa umewamaliza watu wengi katika visiwa na fuo za ziwa. Injili ilikuta familia zenye makaburi mapya.

Ndipo kuta za kwanza zikaanza kusimama. Ilikuwa desturi ya misheni za Kiprotestanti zama hizo kugawana maeneo ili zisigombanie waumini. Nia ilikuwa njema: kuzuia aibu ya Wakristo kunyang'anyana watu mbele ya macho ya watu walewale. Lakini matokeo yake ni kwamba dhehebu la mtu liliamuliwa na mahali alipozaliwa. Aliyezaliwa Maseno akawa Mwanglikana. Aliyezaliwa Karachuonyo, eneo la Gendia, akawa Msabato. Mto au ghuba ikawa mpaka wa imani, na walioigawa ramani hawakumuuliza mwenye kijiji.

Kikuyu, 1913

Wapo walioliona tatizo hilo mapema. Willis wa Maseno, ambaye mwaka 1912 alikuwa amefanywa askofu wa Uganda, alikuwa na wazo zito: makanisa ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki yaunde shirikisho, yawe na utaratibu mmoja wa kufundisha wakatekumeni, na mwishowe Mwafrika apate kanisa moja badala ya kurithi ugomvi wa Ulaya. Juni 1913 walikutana katika kituo cha Waskoti huko Kikuyu. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, African Inland Mission na wengine. Mwishoni mwa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wengi wa wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki.

Habari hizo zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston hakuzivumilia. Aliwashtaki Willis na Peel kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akidai wametenda uzushi. Kanisa lote la Uingereza likagawanyika juu ya ibada iliyofanyika kilimani Kenya. Vita vya Dunia vilipoanza, jambo hilo likafunikwa, na shirikisho kama Willis alivyolitaka halikuzaliwa.

Ni rahisi kumfanya Weston mwovu wa simulizi hii. Haki inataka tuseme zaidi. Ni yeye aliyeandika mwaka 1920 kuishutumu serikali ya Uingereza kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, wakati wengi walinyamaza. Na mkutano ulipoitishwa tena Kikuyu mwaka 1918, alisafiri mwenyewe na kuketi pamoja na watu aliokuwa amewashtaki. Hawakukubaliana juu ya maaskofu na sakramenti, lakini walikaa meza moja wakazungumza. Matunda yake yalikuwa muungano wa misheni, na kutoka humo ikatokea shule ya Alliance mwaka 1926. Mwaka 1943 likaundwa Baraza la Kikristo la Kenya, ambalo leo tunalijua kama NCCK.

Hata hivyo kuna jambo moja linalouma. Katika mikutano hiyo yote miwili, wamisionari walijadili kanisa la Mwafrika bila Mwafrika kuwa na sauti ndani yake. Umoja ulipangwa juu yake, si pamoja naye. Na huku wakubwa wakibishana juu ya nani ana haki ya kuumega mkate, watu wa Nyanza, eneo hili la ziwa, walikuwa tayari wameanza kutafuta njia yao wenyewe.

Waliotoka, na sababu zao

Johana Owalo wa Asembo alipita katika nyumba karibu zote za imani zilizokuwapo. Alikuwa Mkatoliki, akaenda kwa Wapresbiteri, akaonja Uislamu, akafundisha Maseno kwa Waanglikana. Mwaka 1914 alianzisha kanisa la Nomiya, ambalo huhesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Waafrika wenyewe nchini Kenya. Alifariki mwaka 1920. Aliyebisha hodi kwenye milango yote hiyo hakuwa mtu wa kupenda farakano. Alikuwa anatafuta mahali pa kusikilizwa.

Alfayo Odongo Mango alikuwa shemasi wa Anglikana. Yeye na wafuasi wake walishikilia kazi ya Roho Mtakatifu kwa namna iliyowatia wakubwa wa kanisa wasiwasi, na jambo hilo likachanganyika na mgogoro mkali wa ardhi. Januari 1934 aliuawa huko Musanda, nyumba ikichomwa moto. Waliobaki, na wanawake wakiwa mbele, walitembea vijiji vya Nyanza wakihubiri. Kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu unazoziona leo ziwani ni urithi wa moto ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapitia Uganda, ulifika Maseno. Hakuna tukio katika historia ya kanisa letu lililobomoa kuta kwa kasi kama hilo. Mchungaji na mpishi, Mzungu na Mwafrika, walisimama mbele ya watu wakaungama dhambi zao na kuombana msamaha. Mwanglikana alimwita Mpresbiteri ndugu, na Mmethodisti akasafiri kwenda kusali na wote wawili. Kukua kiroho hakukuwa tena kujibu maswali ya katekisimu tu. Kulikuwa kuja nuruni, deni kulipwa, kitu kilichoibwa kurudishwa, mume na mke kupatanishwa.

Lakini uamsho nao ulipata ugonjwa wake. Wapo waliojiona wamekwisha kuokoka kiasi cha kuwadharau waliobaki katika viti vya kanisa. Katika Nyanza ukatokea mvutano kati ya Joremo, watu wa damu, waliosisitiza ungamo la hadharani, na Johera, watu wa upendo, waliolalamika kwamba ndugu zao wanahukumu badala ya kupenda. Wakubwa wa kanisa walishindwa kuwapatanisha. Mwaka 1957 Johera, wakiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, walitoka Anglikana, na kutoka kwao likatokea Church of Christ in Africa. Watu waliojiita wa upendo walilazimika kujenga nyumba nyingine. Hilo linapaswa kumhuzunisha kila Mkristo, awe wa upande gani.

Na bado halikuwa farakano kubwa zaidi. Katika miaka ya 1962 na 1963, Nyanza Kusini, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyekuwa amefiwa na watoto wake, waliwavuta maelfu ya Wakatoliki. Vuguvugu hilo lilichukua jina kutoka kwa Legio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921. Legio Maria ilibaki na rozari, mavazi ya ibada na Kilatini, ikaongeza uponyaji, ndoto na mapambano na pepo wachafu. Got Kwer, kilima cha Migori, kikawa mji wao mtakatifu, na huko ndiko Ondeto alikozikwa alipofariki mwaka 1991. Ukipanda kilima hicho siku ya sherehe utaona mavazi ya kila rangi, na utasikia sala ambazo Mkatoliki yeyote anazijua tangu utotoni. Watu hawa hawakuikimbia imani waliyoipokea. Waliondoka nayo.

Mtu aliyeyatazama haya yote kwa jicho la utafiti alikuwa David Barrett, mmisionari wa Kianglikana aliyetumwa Nyanza katika miaka ya 1950. Alikusanya habari za maelfu ya makanisa yaliyojitenga barani Afrika, na mwaka 1968 kitabu chake kikachapishwa. Alitaja sababu nyingi: ukoloni, kushambuliwa kwa mila, Biblia kufika katika lugha za watu wakaanza kujisomea. Lakini alipofika kwenye mzizi, Barrett alisema misheni zilipungukiwa na upendo, ule upendo wa kumsikiliza mwingine kama mtu wa hadhi sawa na wewe. Aliyasema hayo akiwa yeye mwenyewe mmisionari, na ndiyo maana maneno yake yana uzito.

Somo la Nyarombo

Mpaka wa Tanzania hauko mbali na Migori, na Wajaluo wapo pande zote mbili. Katika parokia ya Nyarombo, jimbo la Musoma, mapadre wa shirika la Maryknoll waliona katika miaka ya 1960 jambo lililowatia wasiwasi: Wakatoliki walikuwa wakienda kwenye makanisa madogo ya Waafrika. Wangeweza kuwakemea kutoka madhabahuni. Badala yake waliuliza kwa nini. Mtafiti Marie-France Perrin Jassy alifanya kazi ya kuyatazama makanisa yale kwa karibu, na jibu likapatikana: kule watu walikuwa wachache wa kutosha kujuana. Mgonjwa alijulikana kwa jina. Mjane aliombewa nyumbani kwake. Kila mmoja alikuwa na kazi na sauti.

Mwaka 1966 parokia ya Nyarombo ikaanza kuwakusanya waumini katika vikundi vidogo vya ujirani, vilivyoitwa vyama. Vinahesabiwa miongoni mwa mifano ya kwanza katika Afrika Mashariki ya zile tunazoziita leo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kuwa kipaumbele cha kazi ya kichungaji katika nchi zao. Leo, kuanzia Migori hadi Mombasa, Mkatoliki husali na majirani zake nyumbani kwa zamu, akiisoma Injili na kuangalia nani ana njaa.

Naomba msomaji asilipite hili haraka. Desturi inayolilea Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki ilichotwa kwa sehemu kutoka kwa watu walioondoka. Waliojitenga walikuwa na kitu ambacho mama kanisa alikihitaji, naye akanyenyekea akajifunza. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba mwili hukua pale kila kiungo kinapofanya kazi yake na kujengana katika pendo. Aliuweka umoja na kukua katika sentensi zilizofuatana kwa sababu kwake vilikuwa jambo moja. Nyarombo ni mahali nilipoliona fundisho hilo likiwa na tarehe na anwani.

Ufuoni Takawiri

Asubuhi, boti za omena zinapofika Takawiri, wanawake huwa tayari ufuoni na mabeseni. Samaki wadogo humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye mchanga mweupe, na wanawake hupita wakiwa wameinama, wakiwasambaza kwa mikono ili jua liwapate sawasawa. Mvua ikitishia, wote hukimbia kuzikunja nyavu, na hakuna anayeuliza omena hii ni ya Msabato au ya Mkatoliki. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti samaki, kwa hiyo kazi hupungua, na ndizo siku za harusi, vikao na mazungumzo marefu.

Msiba ukitokea, umoja huo huonekana wazi zaidi. Kwaya za makanisa tofauti hukesha pamoja matangani. Mchungaji husubiri padre amalize, na kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu hukaa kwenye benchi moja na suti za wazee wa Sabato. Umoja ambao maaskofu hawakuupata Kikuyu, watu wa kawaida huuishi kaburini. Shida ni kwamba baada ya kumzika marehemu, kila mtu hurudi nyuma ya ukuta wake.

Na kuna mambo yasiyoweza kungoja matanga. Utafiti wa kitaifa wa afya, KENPHIA, ulionyesha mwaka 2018 kwamba karibu asilimia 20 ya watu wazima katika kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kabisa nchini. Katika fuo za ziwa kuna desturi ya jaboya, ambapo mchuuzi mwanamke hulazimika kutoa mwili wake ili mvuvi ampe samaki. Wavuvi hao ni waumini. Wanawake hao ni waumini. Wote wamebatizwa, hawa kwa maji mengi, wale kwa maji machache, na dhambi hiyo inawala wote bila kuuliza cheti cha ubatizo. Kanisa moja likihubiri dhidi ya jaboya peke yake, mvuvi atahamia boti ya mtu wa kanisa lingine. Makanisa yote ya ufuo mmoja yakisema neno moja, yakaweka mtaji wa pamoja ili mjane anunue samaki kwa pesa, mvuvi huyo hatakuwa na pa kukimbilia.

Hapo ndipo ninapouona umoja wa Wakristo ulipo na maana. Siombi Msabato aiache Sabato yake, wala Mkatoliki aiache Misa. Tofauti zao ni za kweli, na wengine wamezilipia kwa damu. Ninachosema ni kwamba Bwana aliyeomba katika Yohana 17 wafuasi wake wawe kitu kimoja alitaja sababu: ili ulimwengu uamini. Ulimwengu wa Takawiri hauwezi kuamini upendo wa makanisa yanayokutana makaburini tu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wachungaji, mapadre, wazee wa kanisa na akina mama wa vyama vya ziwa hili, na kwa kila msomaji mwenye kanisa jirani asiloliingia kamwe. Fanyeni kama walivyofanya Nyarombo. Waendeeni walioondoka, mkae nao, muulize walikosa nini kwenu, na msiwajibu kabla hawajamaliza kusema. Kisha chagueni jeraha moja la kijiji chenu, liwe ni jaboya, yatima au vijana wasio na kazi, mlitibu kwa mikono ya makanisa yote. Msingoje mkutano mwingine wa Kikuyu. Anzeni wiki hii, na anzeni na jirani aliye karibu zaidi.